Abiria wa Kiberiti

Kengele ya mkanda ililia asubuhi ya Jumatatu, na ndani ya gari hakukuwa na mtu mwingine ila Fundi mwenyewe.

Alikuwa kwenye usukani, mkanda wake ameshaufunga, anasubiri foleni ya magari ipungue apate kuingia barabarani. Kwenye dashibodi ikawaka ile taa nyekundu ndogo yenye picha ya mtu aliyekaa, kisha ti, ti, ti, kama gari linavyomkumbusha abiria wa mbele aliyesahau kujifunga. Fundi akatazama kiti cha abiria. Hakikuwa na mkoba, wala kopo la gundi, wala gazeti. Akakipapasa. Akakipiga kofi, maana vyombo vingine havina adabu mpaka vipigwe. Kengele ikaendelea. Mwishowe, kwa kuwa alikuwa amechelewa na kelele zilimkera, akauvuta mkanda wa upande ule akaupachika kwenye kifungo chake. Kengele ikanyamaza palepale.

"Haya, bwana mkubwa, twende," akakiambia kiti kitupu, akacheka peke yake. Baadaye aliuchukia sana utani ule.

Gari lenyewe lilikuwa na wiki moja tu mikononi mwake. Lilikuwa dogo, la pembe nne, paa juu, pua fupi, magurudumu ya kuonea huruma. Aliyeliuza, dalali mmoja mwenye mdomo wa asali, aliapa kwamba gari hili halinywi mafuta, linanusa tu. Fundi hakulinunua kwa sababu ya mafuta, ingawa hilo nalo lilimfurahisha. Alilinunua kwa ajili ya baba yake. Mzee alikuwa na nyonga mbovu ya kushoto na miguu iliyokataa kazi miaka miwili sasa, na kila Jumanne na Ijumaa alipaswa kufika hospitali kwa mazoezi ya viungo. Magari ya kawaida yalimtaka ainame kama anayeingia shimoni. Hili, kwa urefu wa mlango wake, aligeuka tu, akakaa, akaingiza miguu.

"Mimi nimeendesha lori la magurudumu kumi na nane miaka thelathini," mzee alisema siku ya kwanza, fimbo yake kati ya magoti. "Leo binti yangu ananipakia kwenye kiberiti."

"Bora kiberiti kuliko mgongo wangu, baba."

"Sawa, mama. Mradi asitokee wa kutuwasha."

Jina likakaa. Gari likaitwa Kiberiti mtaa mzima, na Fundi mwenyewe, ambaye aliolewa akaachika na hakujaliwa mtoto, alikuwa akilisafisha kila asubuhi huku akijiambia kwamba sasa mtu wake mmoja duniani atafika hospitali bila kubebwa kama gunia.

Kazi ya Fundi ilikuwa kushona viti vya magari. Watu walimletea viti vilivyochanika, vilivyotobolewa na sigara, vilivyotapikiwa na watoto, naye akavirudisha vipya. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini kiti cha gari Fundi alikijua hata kabla ya kukikalia. Ndiyo maana kiti cha abiria cha Kiberiti kilimnyima raha tangu siku ya kwanza. Ubavuni mwake, chini pale mkono usipofika kwa urahisi, palikuwa na mshono wa mkono, uzi mweusi mnene uliopita mara tisa mahali ambapo hapakuhitaji hata mara moja, na kila mpito una fundo lake. Ulikuwa mshono wa mtu asiyejua kushona, au wa mtu aliyeshona huku mikono inatetemeka.

Mafundi viti wana ugonjwa mmoja: hawawezi kukalia kazi mbaya ya mwenzao. Jumamosi mchana Fundi alichukua kisu chake kidogo, akayakata mafundo yote tisa, akakivua kiti nguo yake. Ndani hakukuta kitu. Palitoka baridi tu, na harufu ya mvua inapogusa vumbi, wakati mvua ilikuwa haijanyesha kwa miezi minne. Akashangaa kidogo, akafikiri labda sponji imelowa. Akaweka sponji mpya, akakivisha kitambaa cha kijivu, akashona kwa mashine mshono ulionyooka mpaka ukamfurahisha. Jumatatu ndiyo kengele ikalia.

Mambo mengine yalikuja polepole, kwa adabu kama mgeni anayejua kubisha hodi. Kwanza mshale wa mafuta ukaacha kushuka. Wiki ya pili ikapita, ya tatu ikapita, Kiberiti kinakwenda hospitali na kurudi, kinakwenda sokoni na kurudi, na mshale uko palepale nusu. Fundi akajisifu kwa majirani. Jirani mmoja akamwambia hiyo ni geji mbovu, siku moja litamzimikia katikati ya barabara. Fundi akaona ni wivu.

Halafu baba yake akaanza kuchelewa kushuka.

"Niache kidogo hapa," alisema Ijumaa moja walipoingia uani. "Nipunge upepo."

"Upepo gani, baba? Jua linachoma."

"Humu halichomi."

Fundi akaingiza mkono dirishani. Kweli, bati la nje lilikuwa la kukaangia, na ndani kulikuwa baridi kama chumba chenye sakafu ya saruji. Akamwacha. Alipomaliza kupika akamletea chakula palepale, mzee akala akiwa amekaa, sahani mapajani, uso wake umetulia kuliko Fundi alivyouona tangu mama yake afariki. Basi ikawa ndiyo desturi. Kutoka hospitali, mzee alibaki garini saa moja, kisha saa mbili, kisha mpaka giza liingie, na hata siku zisizo za hospitali aliomba akalishwe humo. Alianza pia kusimulia safari.

"Leo tumefika mpaka kwenye lile daraja refu," alisema.

"Daraja gani?"

"La mto. Wewe ulikuwa mdogo, nilikupitisha hapo mara moja, ukalia kwa kuogopa maji."

"Baba, leo hatukwenda popote. Leo Jumatano."

Mzee akamtazama kwa huruma, akaomba maji. Fundi alifikiri ni uzee. Lakini alipokwenda kufunga vioo, macho yake yakaangukia namba za kilomita kwenye dashibodi. Asubuhi ile alizitazama, kwa sababu alitaka kujua kama muda wa kubadilisha oili umefika. Tangu asubuhi mpaka saa hiyo, gari likiwa limesimama uani, zilikuwa zimeongezeka kilomita mia mbili na kumi na mbili. Akachuchumaa akashika gurudumu. Lilikuwa la moto. Kwenye mifereji ya mpira palikuwa na udongo mwekundu mbichi, na mtaa wao wote, mpaka barabara kuu, ulikuwa mchanga mweupe.

Siku ile Fundi hakula. Alikaa jikoni akijipa majibu, na kila jibu alilojipa lilikuwa bovu kuliko lililotangulia.

Kesho yake alitoka karakana mapema, akaingia uani bila kufanya kelele. Baba yake alikuwa kwenye kiti chake cha mbele, vioo vimepandishwa, anazungumza. Fundi akasogea kwa nyuma, akainama karibu na taa, akasikiliza.

"Huyo hapana," mzee alikuwa akisema kwa sauti ya chini. "Nimekwambia mara ngapi? Huyo hapana. Tuliyopatana ndiyo hayo."

Mzee akatega sikio, kama anayejibiwa. Kisha mzee akasema, "Basi twende tena kule kwenye milima. Kule hukuchoka."

Fundi akagonga kioo. "Unaongea na nani, baba?"

"Na redio, mama."

Kiberiti hakikuwa na redio. Mahali pa redio palikuwa na tundu na nyaya nne zilizofungwa kwa utepe.

Toka siku ile mzee hakushuka tena. Fundi alimwomba, alimbembeleza, alimfokea kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwa baba yake, akajuta, akaomba radhi. Mzee alisikiliza yote kwa upole. Alikuwa amekonda mpaka saa yake ya mkononi ilitelemka kwenye kiwiko. Hakuomba kwenda msalani. Chakula alikirudisha kama kilivyokuja. Na mshale wa mafuta, uliokaa nusu kwa mwezi mzima, ukaanza kupanda, kidogo kila siku, kadiri mashavu ya mzee yalivyozidi kubonyea. Fundi aliiona hesabu hiyo kwa macho yake mwenyewe.

Akafungua mlango, akamshika kwapani.

"Usinitoe kwa mkono," mzee akasema, na kwa mara ya kwanza kulikuwa na woga katika sauti yake. "Nisikilize, mama. Usinitoe kwa mkono. Siku nikishuka, nitashuka mwenyewe."

Fundi akamwachia. Alimjua baba yake. Huyu ndiye mtu aliyetambaa sakafuni nusu saa siku aliyoanguka bafuni kuliko kukubali kuinuliwa na mwanawe. Akafikiri ni kiburi kile kile cha siku zote, akalia kwa hasira, akaamua kwamba kama mzee hataki kushuka, basi atampeleka hospitali na gari lake.

Ilikuwa saa saba mchana. Akaingia upande wa usukani, akafunga mlango, akatia ufunguo. Kabla hajauzungusha, kufuli za milango yote minne zikashuka kwa pamoja, tap, na vioo vilivyokuwa wazi nusu vikapanda vyenyewe mpaka juu.

Alizungusha ufunguo na injini haikukohoa hata kidogo, akavuta kitasa na kitasa kikarudi mkononi mwake bila kufungua kitu, akapiga kioo kwa kiganja, kisha kwa kiwiko, kisha kwa kisigino cha kiatu, na nje pale, hatua kumi tu, jirani alikuwa akianika nguo na kuimba, hakugeuka, hakusikia, aliendelea kubana vibanio kimoja kimoja kwenye kamba kana kwamba uani hakukuwa na gari wala mtu. Baridi ikapanda kutoka sakafuni ikashika miguu yake, ile harufu ya mvua juu ya vumbi ikajaa mpaka akaionja kwenye ulimi, na kwenye kioo cha mbele, katikati, mahali ambapo pumzi yake haikufika wala ya baba yake haikufika, pakatokea duara la ukungu, likafutika, likatokea tena, likafutika, kama mtu aliyekaa kati yao wawili ameinama mbele kutazama nje, anavuta pumzi na kuitoa taratibu, bila haraka, mtu mwenye wakati wote wa dunia. Fundi akabana mgongo wake kwenye mlango. Akahisi kitu kikimpima, begani, kiunoni, pajani, kama yeye mwenyewe anavyopima kiti kabla ya kukikatia kitambaa.

"Mwache," baba yake akasema.

Ukungu ukasimama.

"Mwache, nasema. Mimi nipo. Sijaenda popote."

Kufuli zikapanda. Fundi akaanguka nje kwa magoti, akasikia wimbo wa jirani ukirudi masikioni.

"We, Fundi," jirani akasema, "umefika saa ngapi? Sikukuona."

Alikwenda kwa dalali hivyo hivyo, na vumbi kwenye magoti. Dalali alipomwona tu akaanza kutafuta simu yake mifukoni.

"Usijifanye," Fundi akamwambia. "Gari lile lina nini?"

"Lina injini nzuri, dada yangu, lina—"

"Baba yangu anakufa ndani yake."

Dalali akaacha kupapasa mifuko. Akavuta kigoda akakaa, akawa mdogo ghafla. "Kwenye kiti cha abiria kulikuwa na mshono mbaya," akasema. "Uliuona?"

"Niliukata."

"Yallah." Akajishika kichwa. "Mwenye gari wa kwanza aliniambia neno moja tu: mshono wa kiti cha abiria usiuguse. Alisema kuna kitu walikishonea humo, na kikishonewa hakina neno, kinalala."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungenunua?"

Fundi alitaka kumzaba kofi. Lakini mkono uliokata mafundo ulikuwa wake mwenyewe, na hilo lilimuuma kuliko uongo wa dalali. Akauliza nani anajua mambo haya, akatajiwa Fundi Saa.

Fundi Saa alikuwa na kibanda chenye meza, taa na miwani ya jicho moja. Kwa kuwa siku hizi watu wanatazama saa kwenye simu, alibaki na muda mwingi wa kushughulika na wasioonekana. Alikuwa mzee mfupi, msafi, asiyependa makuu. Akamsikiliza Fundi mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Amekwambia usimtoe kwa mkono?"

"Ni kiburi tu. Ndivyo alivyo."

"Huenda. Lakini na mimi nakwambia hivyo hivyo." Akafunika saa aliyokuwa akiitengeneza. "Jini huwezi kumfukuza kama kuku. Anaagwa. Na anapoaga hupenda kutoka na kitu. Kazi yangu ni kuhakikisha anatoka mikono mitupu. Nitasoma, mlango utafunguka. Ukifunguka usimguse mzee mpaka niseme."

"Miguu yake haimbebi, mzee wangu. Atashukaje?"

"Tutasubiri mpaka imbebe. Kama ni leo, leo. Kama ni wiki, wiki."

Walianza kesho yake saa nne asubuhi, jua limewaka, majirani wamefungiwa nje ya geti. Fundi Saa alizunguka gari mara saba, akasimama upande wa abiria, akafungua kitabu chake na kusoma kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma barua. Vioo vilikuwa juu. Ndani, mzee alikaa wima, macho mbele, mikono magotini.

Kwa muda mrefu hakukuwa na lolote ila sauti ya kisomo. Kisha Kiberiti kikaanza kutikisika, kwanza kama injini imewashwa, halafu kwa kishindo, springi zinalia, na sauti ikatoka kinywani mwa mzee, nzito na changa, sauti ya mtu aliyelala muda mrefu.

"Nimechoka kukaa," ikasema.

"Basi toka," akajibu Fundi Saa. "Hatukuzuii."

"Natoka wapi? Sijui mlango. Walinishonea humu, huyo mwanamke akanifungulia, nikakuta kumbe nje ya kiti kuna boksi jingine."

"Mlango nitakufungulia. Toka kama ulivyoingia, bila mzigo."

"Natoka," sauti ikasema. "Nifungulieni."

Fundi Saa akasoma maneno ya mwisho, na mlango wa abiria ukafunguka wenyewe. Baridi ikamiminika nje ikawapita vifundoni. Fundi akapiga hatua, Fundi Saa akamzuia kwa kitabu.

"Bado."

Ndani, mzee akapinda. Kichwa kikamwangukia kifuani, povu likamtoka, macho yakageuka meupe, mguu mmoja ukaanza kupiga sakafu, ta-ta-ta-ta. Vidole vyake vikakwaruza kitambaa cha kijivu. Akainua mkono mmoja kuelekea mlangoni, mkono mifupa mitupu, ukatetemeka hewani.

"Nipe mkono, Fundi," akasema kwa sauti ya baba yake. "Nakufa. Nipe mkono."

"Bado," Fundi Saa akasema. "Usimguse. Huyo siye—"

Ni rahisi kusema mtu avumilie wakati anayekata roho si wako. Fundi hakusikia alivyoitwa, alisikia nakufa tu. Akamsukuma Fundi Saa, akaushika ule mkono kwa mikono yake yote miwili, akavuta.

Mkono ukamshika na wenyewe, kwa nguvu ambayo hakuitegemea. Mzee akatoka nje kwa mvuto mmoja, akasimama. Akasimama sawasawa, bila fimbo, mabega nyuma. Akafuta povu kwa mgongo wa kiganja, akatazama mbingu kwa muda mrefu, akacheka kwa furaha.

"Ahsante, Fundi," akasema. Akatembea mpaka mlango wa nyumba, akaingia.

Fundi alikaa chini akalia machozi ya shukrani. "Amepona," alisema. "Umeona, mzee wangu? Anatembea. Amepona."

Fundi Saa alikuwa amekwisha kufunga kitabu. Hakuangalia nyumba, aliangalia gari. "Nimeona," akasema taratibu. Akafunga mkoba wake, akaondoka bila kuomba hata maji ya kunywa.

Mtaa ukaja kupongeza. Mzee alipokea wageni kwa heshima, akala kwa hamu, akanenepa kwa siku tatu. Lililomsumbua Fundi lilikuwa dogo. Mzee alipenda milango. Alifungua mlango wa chumba, akatoka, akaingia, akatoka. Alifungua geti, akasimama nje, akarudi, akafungua tena, mara ishirini, thelathini, huku anatabasamu. Na tangu siku ile hakumwita mwanawe mama hata mara moja.

Siku ya nne Fundi alipiga moyo konde akaenda kukisafisha Kiberiti. Alifungua mlango wa abiria, na kitambaa cha kusafishia kikamdondoka.

Kiti kilikuwa kimebonyea. Sponji ile aliiweka mwenyewe, nzuri, mpya, ya kunyanyuka mara tu mtu anapoinuka. Kila mtu hukikalia kiti kwa namna yake, na fundi viti huisoma namna hiyo kama wengine wanavyosoma mwandiko. Hapa uzito wote ulilala kulia, kushoto pameguswa tu, kama mtu anayeipumzisha nyonga ya kushoto. Akaweka kiganja hewani juu ya kiti, akakutana na baridi. Akaita kwa kunong'ona, "Baba?" Na sponji ikasogea, ikabonyea karibu zaidi na mlango, upande wake.

Aliingia ndani ya nyumba. Yule aliyekuwa na uso wa baba yake alikuwa akifungua na kufunga kabati.

"Baba yangu yuko wapi?"

"Pale alipochagua," akajibu bila ubaya. "Mimi nilikutaka wewe. Wewe ndiye uliyenifungulia. Akasema atakaa yeye ili usikae wewe. Tulitembea sana, ni mzee mwenye hadithi. Lakini mwili wake aliushikilia, hakutaka kunipa. Wewe ukanipa."

"Rudi. Nakuomba. Rudi umwache atoke."

"Fundi," akasema kwa upole, "nani anarudi jela kwa hiari yake?" Akafunga kabati. "Liuze. Nimeshamwita dalali. Usipoliona, utasahau."

Dalali alikuja asubuhi ya Jumamosi na mnunuzi, mwalimu mmoja mwenye miwani, amefurahi, anauliza kama ni kweli linanusa tu mafuta. Wakamkuta Fundi ndani yake. Alikuwa humo tangu alfajiri, kwenye usukani, mkono wake umelala juu ya kiti cha pili.

"Dada yangu, shuka mwalimu aone," dalali akasema, lakini hakusogea karibu.

"Haliuzwi."

Mwenye uso wa baba yake alikuja akasimama kando ya mwalimu, mikono nyuma, kama wazee wanavyosimama. "Msameheni," akasema. "Binti yangu amelizoea mno. Atashuka tu, humo hamkaliki muda mrefu."

Kweli, baridi ilikuwa imeshapita magoti. Fundi alihisi usingizi mwepesi, na mbele ya kioo, badala ya ukuta wa ua, aliona kwa mbali barabara nyekundu inayopanda kati ya milima. Ndipo mlango wa upande wake ukafunguka. Hakuna aliyeugusa. Ulifunguka taratibu mpaka mwisho, kama mlango wa lori unavyofunguliwa na baba anayemshusha mwanawe shuleni. Fundi akamjua aliyeufungua, akalia kwa uchungu.

"Sikuachi humu peke yako," akasema. Akaufunga.

Ukafunguka tena, kwa nguvu zaidi, na kiti cha pili kikatikisika kwa ghadhabu. Baba yake alikuwa mkali namna hiyo pale tu alipoogopa. Hewa ya jua ikaingia, na sauti ya mwalimu akiuliza kuna nini.

Fundi akaufunga, akabonyeza kufuli.

"Twende, baba," akasema.